Sauti Nene Hufa Mwisho

Wimbo mzuri wa hevi metali lazima uwe na mgongo. Nasema mgongo kwa sababu sijui wenyewe wanakiitaje kile kipande cha gita kinachoanza, kikajirudia, kikaondoka kidogo, halafu kikarudi na uzito ule ule. Ukikitoa hicho, hata wapige ngoma mpaka zitoboke, hapo hakuna wimbo, kuna watu wanahamisha vyombo. Hili nimelisema kwa miaka mingi pale kwenye mashine ya kusaga Kilosa, mbele ya watu waliokuja kusaga mahindi yao na hawakuniuliza. Walikuwa wananicheka. Sikujali, maana mtu akishaleta debe lake hana pa kwenda mpaka lisagwe, na mwendesha mashine nilikuwa mimi.

Sasa naliandika, kwa sababu masikio yangu yanafunga duka polepole. Daktari amenieleza kinachotangulia kuondoka na kitakachobaki. Muziki wangu, kwa sehemu kubwa, utabaki kwa muda. Ninachokiogopa mimi ni sauti ya binti yangu. Ndiye mtoto wangu wa pekee, yuko darasa la nne, na Mungu alimpa sauti nyembamba kama uzi wa cherehani. Nikisema naogopa, sitanii. Naogopa kweli.

Muziki huu nilikutana nao Mikumi, nikiwa kijana, fundi pancha pembeni ya barabara kuu. Watu wa mbali wanaijua Mikumi kwa tembo na twiga. Sisi wa pale tuliijua kwa malori. Usiku na mchana yanapita, yanakwenda Zambia, yanarudi na shaba, na kila moja likipita vikombe vinatetemeka mezani kwa mama ntilie. Siku moja lori la shaba likatufia mbele ya kibanda, giaboksi imekwisha kabisa. Dereva wake alikuwa mtu mzima wa nchi za kusini huko, mpole, kavaa fulana nyeusi iliyopauka, na Kiswahili chake alikiokota njiani, mzani mmoja wa malori hadi mwingine. Akakaa nasi wiki nzima akisubiri spea. Kila asubuhi alikuwa anafungua mlango wa lori, anaweka kaseti, halafu anapika ugali wake kivulini.

Mara ya kwanza nilidhani redio yake imeharibika. Nikamwendea kwa heshima zote. "Shikamoo mzee. Hiyo spika yako imechanika, lete nikuangalizie." Ala! Aliniangalia kama nimemtukania mama. Kisha akaniambia nikae. "Usisikilize yote," akasema. "Utachoka. Chukua gita moja tu, lile la chini. Lifuate. Likikata kona, kata nalo."

Nikakaa, zaidi kwa adabu kuliko kwa kupenda. Nikalifuata lile gita la chini. Hapo lazima niseme kwamba mimi ni mtu wa milimani, nimekulia shule ya misheni, na kwenye kwaya nilipangwa sauti ya nne, ile besi ya chini, tangu koo lilipoanza kubadilika. Mtu wa sauti ya nne anajua jambo moja ambalo waimbaji wengine hawalijui: watu wanawasifu wale wa juu, lakini wewe ukinyamaza, wimbo wote unaanguka. Basi nikalisikia lile gita likifanya kazi yangu. Chini ya zile kelele zote kulikuwa na mtu mmoja mtulivu, amebeba mzigo, hana haraka. Nikasema moyoni, kumbe!

Kabla lori halijapona nilikuwa nagonga rimu kwa mapigo ya kaseti ile, na wenzangu wa kibandani wameshanipa jina ambalo sitaliandika hapa. Siku ya kuondoka dereva akanipa ile kaseti. Jalada lilikuwa limepotea na maandishi yamefutika kwa jasho na vumbi, kwa hiyo nyimbo zile nikazipa majina mwenyewe. Baadaye niliongeza nyingine nyingi kwenye simu, lakini zile za kwanza ndizo zilizonifundisha, na mpaka leo majina yake ya ubatizo siyajui. Watu waliosoma sana Kiingereza watanicheka. Wacheke tu.

Upo mmoja nauita Lori Limekwama. Hauna haraka hata kidogo. Gita linavuta, linashindwa, linarudi nyuma, linavuta tena, na kila likirudi ngoma inaongeza kitu kidogo, kama watu wanaojitokeza mmoja mmoja kuja kusukuma. Wimbo mwingine wowote ungeshatoka kwenye matope mapema. Huu unakungojesha mpaka unakaribia kukasirika, na pale gurudumu linapopanda juu ya barabara, utashangaa umesimama na hukujua ulisimama saa ngapi.

Upo mwingine, Shangazi Kakasirika. Huu, mwimbaji anaanza kwa upole mno, sauti ya chini, anajibembeleza. Ni shangazi ambaye hakushirikishwa kwenye posa. Anasema mimi sina neno. Mimi sina neno kabisa, fanyeni tu. Jamani, ukisikia shangazi anasema hana neno, ondoa watoto. Na kweli, katikati ya wimbo anasimama, kimya kinapita, kisha yanatoka yote tangu mwaka aliozaliwa. Napenda hasira ya namna hiyo, iliyopita njia ndefu mpaka kufika mdomoni. Nyimbo zinazoanza zimeshakasirika sizitaki. Unamkuta mtu anafoka tangu mlangoni na hujui amefanywa nini.

Na ngoma. Mpiga ngoma wa muziki huu anatumia miguu yote miwili, na wajinga wanadhani ni fujo. Nilipokuwa mdogo, mama na shangazi zangu wawili walikuwa wanatwanga kwenye kinu kimoja. Michi mitatu, kinu kimoja. Huyu anapandisha, yule anashusha, wa tatu yuko njiani, na wote watatu wanasengenya bila kukatiza habari. Ukichelewa nusu pumzi unavunja mkono wa mwenzako. Ngoma nzuri ya hevi metali iko hivyo hivyo. Kama husikii hatari ndani yake, basi mpigaji analala.

Niliouhifadhi mwisho nauita Mvua ya Chanzuru, kijiji cha huku Kilosa. Unaanza kwa matoazi peke yake, yanaguswaguswa kwa mbali, kama yale matone ya kwanza kwenye bati wakati mtu bado anajiuliza aanue nguo au aache. Huo ndio ulionipeleka hospitali, ingawa sikujua.

Nilihamia Kilosa kwa sababu ya mke. Yeye ni mtu wa Kimamba, mama yake yuko huko mpaka leo, na nilipooa nikapata kazi ya kuendesha mashine ya kusaga, baadaye ikawa yangu. Mashine ya umeme hailii, inapiga yowe. Wanaoleta mahindi wanakaa nusu saa wanaondoka. Mimi nilikaa nayo kutwa. Ili nisisikie yowe lile nikaweka hedifoni masikioni, na ili niusikie muziki juu ya yowe nikapandisha sauti mpaka mwisho, na simu ilipokuwa inaniuliza kama nina uhakika, nilikuwa naijibu ndiyo. Unga unaruka, mkanda unazunguka, Shangazi anakasirika masikioni mwangu. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema uongo. Nikitazama nyuma, sioni kazi nyingine iliyonifaa vile.

Halafu siku moja Mvua ya Chanzuru ikakataa kunyesha. Nimeuweka wimbo, nasubiri yale matone, kimya. Linakuja gita moja kwa moja. Nikarudisha. Kimya. Nikasema hedifoni zimekufa, nikanunua nyingine. Kimya. Nikaenda stendi kwa jamaa anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi, nikamwambia wimbo wangu umeoza. Akauweka kwenye spika yake, akainamisha kichwa, akasema, "Mbona upo, bro mkubwa? Matoazi hayo hapo, yananyunyiza." Nikamwambia aache uongo. Tukagombana mpaka watu wa bodaboda wakasogea. Niliondoka pale nimemwita tapeli, na masikini alikuwa anasema kweli tupu.

Huku nyumbani na mtaani jambo jingine lilikuwa linakua bila mimi kujua. Kwetu salamu si mchezo. Mtoto akikuamkia ukanyamaza, umemkana. Mtu mzima ukimpita bila shikamoo, jioni habari imeshafika kwenu kabla yako. Nami nikawa mtu asiyeitikia. Watu wananisalimia nyuma yangu, mimi naendelea kukung'uta magunia. Wakaanza kusema nina maringo. Mwingine akasema mashine imenipa kiburi. Wengi wakasema ni ule muziki, kwamba ni wa mashetani na umenilia adabu. Hakuna aliyenieleza usoni. Walinuna tu, na mimi nikanuna nao kwa kuona wamenuna.

Kidogo kidogo nikagundua kwamba huwa kuna mtu amesalimia na sikuitika. Nikabuni ujanja. Wengi wanaokuja mashineni ni watoto wametumwa, kwa hiyo kila nikiona kivuli mlangoni, nasema "Marahaba, hujambo?" bila kugeuka. Ilifanya kazi vizuri mpaka siku kivuli kilipokuwa cha mama mkwe. Alikuwa ametoka Kimamba na mahindi yake, amesimama kimya mlangoni, anangoja shikamoo yake kwa mkwewe kama ilivyo haki. Nami nikamrushia marahaba ya mgongoni, na hujambo juu yake. Lo! Foleni nzima iliganda. Mama wa watu alinyanyua mahindi yake akarudi nayo Kimamba, hayajasagwa.

Mke wangu alilia kwa aibu. Ilibidi twende, na mjomba wa pande zetu mbele, kuomba radhi, nami nikakaa kwenye mkeka nimeinamisha kichwa. Mama mkwe alisamehe, ila akasema neno lake. "Ngoma ikivuma sana hupasuka. Ule muziki umemharibu mwanangu." Nilitaka kuutetea muziki. Mke wangu akanifinya pajani.

Mtu aliyeniokoa ni mtani wangu. Alikuwa mama mmoja wa makamo, mkulima wa upande wa Chanzuru, kabila lake na langu ni watani tangu enzi za mababu. Asiyejua utani nimweleze kwa kifupi: kazi ya mtani ni kukutukana, na kazi yako ni kumrudishia. Kukasirika hairuhusiwi. Yule mama alikuwa fundi wa kazi hiyo. Kila akija kusaga alikuwa na tusi jipya juu ya watu wa milimani, nami nilikuwa na lake limeiva, na foleni inacheka mpaka mahindi yanamwagika.

Basi siku moja alisimama nyuma yangu, mashine inazunguka, akaanza. Haya nimesimuliwa. Alianza na pua yangu. Sikujibu. Akapanda kwenye ukoo wangu, akasema tumezaliwa tumechoka. Sikujibu. Foleni ikapunguza kucheka. Akamtukana babu yangu marehemu, akasema hata mauti yalipomfuata yalimkuta amelala mchana. Mimi niko pale napima unga, natikisa kichwa kwa mapigo ya Lori Limekwama. Yule mama akatembea mpaka ukutani, akazima swichi ya mashine.

Niligeuka na hasira. Akaja akasimama mbele yangu kabisa, akanivua hedifoni kwa mikono yake, akasema polepole nikiona midomo yake, "Mtani wangu, nimemtukana babu yako na hukunijibu."

Nikaitazama foleni, unga mikononi.

Akawageukia watu wa foleni. "Nyie mnasema ana maringo. Maringo gani? Hakuna mtu wa kwao anayetukaniwa babu na mtani akanyamaza. Labda awe amekufa. Huyu hasikii! Mnamnunia kiziwi, hamna haya?" Nikaona nyuso zinainama, moja baada ya nyingine. Yule mama akanishika mkono uliojaa unga, akaukung'uta kama wa mtoto, akaniambia nenda hospitali, nenda kesho. Kisha akachota unga wangu sahani nzima akatia kwenye kapu lake, akasema ni ada ya uganga. Hata siku ile hakuacha utani.

Tulikwenda Morogoro, mimi na mke wangu, tukibishana njia nzima. Yeye anasema ni muziki, mimi nasema ni mashine. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, nami nikamwambia methali hiyo si ya leo, achague nyingine. Hospitali wakanikalisha kwenye chumba kidogo kilichofungwa, wakanivalisha hedifoni, wakasema ukisikia mlio nyanyua mkono. Nikajisemea, hapa wamemleta samaki majini. Nikakaa nasubiri. Muuguzi yuko upande wa pili wa kioo, anabonyeza vitu, ananiangalia. Nikasubiri sana. Mwisho nikaisogeza hedifoni nikamuuliza kwa ishara, mnaanza lini? Akafungua mlango akaniambia, taratibu na kwa kupaza sauti, kwamba sikio la kulia wameshamaliza.

Daktari alikuwa dada kijana, mwenye subira. Alieleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia: ndege, matoazi, maji yanayochuruzika, wanawake, watoto. Sauti nene hufa mwisho. Nikamuuliza, ni muziki au ni mashine? Mke wangu akasogea karibu asikie hukumu. Daktari akasema, "Vyote viwili, baba." Tukatazamana, hakuna aliyeshinda. Akasema kilichokwenda hakirudi. Kifaa cha kusikilizia kitasaidia kiasi, akaniandikisha nisubiri. Lakini nikiendelea kukaa na ile mashine, hata kilichobaki kitakwenda, na kifaa hakitakuwa na kitu cha kusaidia.

Ungedhani nilirudi nikafunga mashine siku ile ile. Thubutu! Mashine ndiyo iliyokuwa inatulisha. Nikaacha hedifoni, nikaziba masikio kwa pamba, nikaendelea. Nilijiambia nitaacha mavuno yakipita. Mavuno yakapita. Nikajipa sababu nyingine.

Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa uani nanoa jembe. Niliponyanyuka nikamwona binti yangu anatoka getini, anakimbia kwenda shule, anafuta macho kwa mkono wa sweta. Nikamuuliza mama yake, vipi huyu, amepigwa? Alikuja mbele yangu, maana tulishazoea kuzungumza hivyo. "Amekuamkia," akasema. "Amerudia, amerudia tena. Halafu akaja jikoni akaniuliza, mama, baba amenikasirikia nini?"

Mtoto alijua baba yake ana matatizo ya masikio. Tulimweleza. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusimama nyuma ya baba yako unamwamkia asigeuke ni kitu kingine. Niliketi chini pale pale kwenye vumbi la jembe. Niliumia kuliko siku ya daktari. Wiki ile ile nikamwachia shemeji yangu mashine aiendeshe, masikio yake yamezibwa vizuri kwa vizibo nilivyopewa hospitali, na mimi nikafungua banda la baiskeli njia ya kwenda reli. Tairi nazijua tangu Mikumi, na baiskeli ni kitu kisicho na makelele. Watu wa Kimamba na wa Ulaya, kijiji chetu cha huku huku wala si kwa wazungu, wananiletea za kwao, wananigusa bega kwanza, ndipo wananiamkia. Mama mkwe naye aliniletea baiskeli ya kijana wake. Nilimwona kwa mbali, nikamwahi na shikamoo barabarani hajafika, kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni. Alicheka, akaitikia.

Nilidhani nikiacha mashine sauti ya mtoto itarudi hata kidogo. Haikurudi. Badala ya yowe la mashine nilibaki na mlio ndani ya kichwa, mwembamba, hautulii. Binti yangu akajifunza kuja mbele, kunigusa, kunisubiri nimtazame. Alifanya hivyo kwa adabu nzuri sana, na mimi nilichukia kila mara alipofanya, sikumchukia yeye, nilichukia kwamba mtoto wa umri ule ameshajifunza kunihurumia.

Jioni tulikuwa tunasikiliza muziki. Daktari aliruhusu, kwa sauti ndogo, isiingizwe masikioni. Nikaweka spika juu ya sanduku la mbao na kiganja changu juu ya sanduku, ule mgongo wa wimbo unanipanda mkononi. Binti akawa anakaa pembeni yangu, anamenya karanga. Siku moja alikuwa anaimba jamaa mmoja wa wale wanaonguruma, sauti inatoka tumboni, nzito, huwezi kujua anasema nini. Binti akanigusa nimtazame. "Baba, huyu unamsikia?"

"Huyu namsikia vizuri kabisa."

"Na mimi je?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema nakusikia mama, nakusikia kidogo. Lakini alikuwa ananiangalia midomo, kama mimi ninavyomwangalia yake. Nikamwambia, "Wewe nakuona." Akatikisa kichwa, amekubali. Akageuka akaitazama ile spika muda mrefu, karanga mkononi, hazimenyi.

Sikulifikiria tena. Mke wangu ndiye aliyenieleza baadaye kilichokuwa kinaendelea siku zile. Mtoto alikuwa anajifungia kwenye bafu la nje, na humo zinatoka sauti za ajabu. Bibi yake alikuja kututembelea kutoka Kimamba, akazisikia, akasema mtoto ameingiwa na kitu, aitwe mchungaji haraka. Mama yake alikwenda kugonga, akamkuta amesimama kwenye ndoo, mikono tumboni, anakohoa. Aliulizwa unafanya nini, akasema anafanya mazoezi. Ya nini, hakusema.

Ilikuwa mchana, shule zimetoka. Nilikuwa nimegeuza baiskeli ya mtu wa Ulaya miguu juu, mnyororo umenishinda, mgongo wangu uko barabarani. Nyuma yangu kikanguruma kitu. Kilikuwa kizito, kimekwaruza, kinakatika katikati, lakini kiliingia. Kiliingia sikioni, si mkononi wala begani. Kilisema, "Shikamoo, baba."

Nikageuka. Alikuwa amesimama na begi la shule mgongoni, jasho linamtoka, mishipa ya shingo imesimama, macho yamemtoka kwa juhudi. Wenzake wawili walikuwa nyuma yake wamekufa kwa kicheko. Yeye hacheki. Ananisubiri.

Nilitaka kuitikia. Ni neno moja, mtu hulisema maisha yake yote bila kulifikiri, lakini halikutoka. Nikabaki nimemkodolea macho, spana mkononi. Akadhani sijasikia. Akavua begi akaliweka chini, akatanua miguu, akavuta pumzi mpaka tumboni, akaanza upya.